Pua ya Dhahabu na Mguu wa Ijara
Mchunga ng'ombe wa Ijara aliyekatwa mguu, je, ni halali avae mguu wa kiwandani? Jawabu ni la zamani. Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, kabla ya Uislamu. Akajifanyizia pua ya fedha, ikatoa harufu. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atie ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Imo katika Abu Dawud na Tirmidhi.

Hadithi nyingine yawalaani wanaochonga meno wapate mwanya kwa ajili ya uzuri. (Na sisi Wapwani twaupenda mwanya!) Basi kuziba pengo ni jambo moja, kuikataa sura uliyopewa ni jingine. Na mguu wenye mtambo ukimpitisha mbio aliye mzima? Hatuoni kosa, madhali ulianza kwa pengo.

Tunaloliona kosa ni hili: krimu ya kujichubua, yenye zebaki inayodhuru figo, humfuata mnunuzi dukani, mguu wa bandia hufuatwa mbali na Masalani, ukapimwe, na mtoto anayekua hubadilishiwa tena na tena. Katika zaka tunazotoa, ni ngapi zimemnunulia maskini mguu?