MAONI YETU: Jiko, Petroli na Kufuli

Ndugu wafanyakazi,

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi katika nchi yetu. Mtu wa Mbita au Muhuru Bay atacheka akisikia neno baridi, maana joto la ziwa analijua. Lakini ndugu yake aliyekwenda kuchuma chai Kericho hacheki. Huko jioni jiko la makaa huingizwa chumbani, dirisha hufungwa, watu wakalala. Hata kwetu Awendo na Ndhiwa, mkata miwa huota moto alfajiri kabla ya kwenda kazini, na mvua ikinyesha mapishi huhamia ndani. Basi shauri hili latuhusu sote.

Kwanza ni jiko. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, wala haiwashi macho. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, asiamke tena. Wengi husema makaa yakishakuwa mekundu hayana hatari kwa kuwa hayatoi moshi. Si kweli. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata baridi iwe kali namna gani.

Pili ni petroli. Kijana wa bodaboda hulaza pikipiki yake chumbani kwa kuogopa wezi, na pengine chupa ya petroli huwekwa chini ya kitanda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ukute koroboi au jiko, na hapo chumba kizima huwaka. Gesi ya mtungi nayo hukaa chini vivyo hivyo ikivuja. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli huweza kulipuka ndani ya koroboi. Nunua mafuta kwa mtu unayemwamini, wala usijaze koroboi ikiwa inawaka. Mafuta yakishika moto usimwage maji, maana utautawanya. Funika kwa kifuniko au mwaga mchanga. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno, unga wala mafuta, kisha apelekwe hospitali.

Tatu ni kufuli, na hapa twamwomba kila mzazi asome mara mbili. Mama akienda kazini alfajiri hufungia watoto ndani kwa kufuli la nje, akihofia wezi na barabara. Hatumlaumu, kwa sababu hana wa kumwachia. Lakini tukumbuke Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos. Bweni liliwaka usiku, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wanafunzi 67 walikufa. Wale walikuwa vijana wenye nguvu. Je, mtoto wa miaka mitatu atafanya nini? Nyumba ya nyasi huteketea kabla mama hajapata habari shambani. Twashauri wazazi wa laini moja wapange zamu: mmoja abaki na watoto wa wote, na wenzake wamchangie ujira wa siku hiyo. Ni fedha kidogo kwa kila mtu.

Sasa tuseme na matajiri. Wako watakaouliza chama kinatafuta nini jikoni mwa watu. Sisi twauliza: ni nani aliyejenga chumba kimoja ambamo mtu hupika, hulala na kuweka mafuta yake? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa karibu na kazi, au amlipe fedha za kutosha za kodi, isipokuwa pale ambapo mapatano yamekwisha kuitia kodi hiyo ndani ya mshahara. Kila mwanachama na asome mapatano yake ajue yanasemaje. Na mahali ambapo tajiri ndiye mwenye nyumba, madai yetu ni haya: jiko la nje lenye paa kwa kila laini, dirisha linalofunguka, bomba la maji na ndoo za mchanga karibu, banda la pikipiki lenye mlinzi, na nyumba ya kulelea watoto saa za kazi.

Twaagiza kila kamati ya tawi ipite laini zake mwezi huu, chumba kwa chumba, iandike yaliyokosekana, na kuleta karatasi hiyo kwenye mkutano ujao. Neno la mdomo hupotea mezani kwa meneja, lakini orodha yenye namba za vyumba haipotei.

Na leo jioni, kabla ya kulala, wewe mwenyewe toa jiko nje, toa petroli nje, na ondoa kufuli mlangoni.

Umoja ni Nguvu.