Jikoni Wiki Hii: Mseto wa Matunda

Katika kisiwa cha Kilwa na ufuko wa Nchelenge, Zambia, jamaa nyingi huteka maji Ziwa Mweru. Mwaka 2023 kipindupindu kiliingia wilaya hiyo. Tunda lisilopikwa, basi, lataka maji salama.

Mahitaji (watu 4): maembe mabivu 2, papai nusu, ndizi mbivu 3, machungwa 2, ndimu 1.

Namna ya kutengeneza: Chemsha maji, yakishatokota dakika nzima, yafunike yapoe. Nawa mikono kwa sabuni. Kwa maji hayo osha kisu, bakuli, na matunda kabla ya kuyamenya. Katakata vipande vidogo, ukamulie machungwa na ndimu, ndizi zisije zikawa nyeusi.

Mseto huu haulazwi. Utengeneze baba akikaribia kutoka lindoni, mle pamoja.