Jicho Halisawazishi Darubini ya Bunduki

Darubini ya bunduki husawazishwa ili mstari wa wima wa msalaba wake uelekee chini kama timazi, kwa sababu risasi nayo huanguka kuelekea huko. Mafundi na wawindaji wengi huamini kuwa jicho lililozoea linatosha kwa kazi hiyo. Imani hiyo ni potofu, na Morogoro inaonyesha wazi kwa nini.

Jicho halipimi usawa. Hulinganisha tu na kilicho mbele yake. Anayesimama mjini na kuelekeza bunduki kusini hukutana na Uluguru: migongo inayoteremka kutoka Lupanga na Bondwa, mashamba yaliyoegemea miteremko, barabara zinazopanda kwa kujipinda. Mstari mlalo wa kweli haupo. Msalaba huishia kufuata mlima, na fundi huapa kuwa umenyooka.

Watetezi wa jicho husema bunduki yao hupiga palepale kwenye mita 100. Ni kweli, lakini jaribio hilo halithibitishi chochote, kwa kuwa marekebisho ya shabaha hulificha kosa katika umbali huo mmoja. Kosa hujitokeza mpigaji anapopandisha shabaha ili apige mbali zaidi. Msalaba ulioinama nyuzi 3 hupeleka risasi pembeni takriban sentimita 5 kwa kila mita 1 anayopandisha. Upepo ndio hulaumiwa, na mnyama aliyejeruhiwa hupotelea kichakani na maumivu yake. Uzembe wa namna hiyo hauna udhuru, maana dawa yake ni uzi na jiwe.

Bunduki hubanwa imara, kisha pimamaji huwekwa juu ya sehemu yake bapa, si juu ya kifuniko cha darubini, ambacho huenda hakilingani na msalaba wa ndani. Timazi hutundikwa mbele, mahali pasipo na upepo. Darubini huzungushwa ndani ya pete zake mpaka mstari wa wima uufunike uzi. Skrubu hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, kwani kukaza upande mmoja huizungusha darubini tena. Kwa hiyo uzi hutazamwa upya baada ya mkazo wa mwisho.

Uthibitisho hufanywa kwenye uwanja wa shabaha kwa karatasi ndefu iliyochorwa mstari kwa kufuata timazi. Mpigaji hulenga alama ya chini bila kuihama, bunduki ikiwa wima, huku akipandisha kirekebishi hatua kwa hatua. Matundu yakipanda juu ya mstari, darubini imekaa sawa. Yakienda mshazari, skrubu zinalegezwa na kazi inaanza upya.