Beseni la Nyanya Mbele ya Wakubwa

Watu wa utafiti hupenda kusema kwamba wakubwa wanataka takwimu tu, masimulizi ya wachuuzi hawana muda nayo. Sikubaliani nao. Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilitoa waraka mfupi wa Paul Brenton na wenzake juu ya wachuuzi wa mipaka ya Maziwa Makuu. Ndiyo, takwimu ilikuwamo: 85% ya wafanyabiashara wadogo waliohojiwa walikuwa wanawake. Lakini waraka ulisimulia pia rushwa na manyanyaso wanayokutana nayo mpakani. Mwaka 2015 benki hiyo iliidhinisha mradi wa kurahisisha biashara katika ukanda huo, na kivuko cha Rusizi (Rwanda) na Bukavu (Kongo) kikawamo.

Husema pia: "Mchoro wa jengo la mpakani ni kazi ya wataalamu, mchuuzi ataelewa likishasimama." Hili ndilo linaloniuma. Mtazame mama aliyeteremka alfajiri kutoka Kamembe, mji wa Rusizi, mtoto mgongoni, beseni la nyanya kichwani, kitambulisho amekifunga kwenye pindo la kitenge. Akifika dirishani lazima atue mzigo. Pasipo meza atautua chini, walio nyuma wanasukumana, nyanya zinapondeka, foleni inakwama. Bajeti inapobanwa, meza hiyo ndiyo ya kwanza kufutwa. Ukitaka ibaki, acha maneno ya "mahitaji ya watumiaji". Ingia kikaoni na beseni lililojaa, umwombe mkubwa alishikilie kichwani huku akitafuta kitambulisho chake mfukoni.

"Wadau wote wapewe maelezo ya namna moja, tusionekane tunapendelea." Matokeo yasibadilike hata nukta, sawa. Ila mtu wa forodha anza naye kwenye foleni, polisi kwenye njia za panya, wilaya kwenye ushuru wa soko. Kila mmoja husikia haraka lile linalomnyima usingizi.

"Tukishawasilisha, kazi imekwisha." Imekwisha vipi, ilhali aliyetoa majibu hajaambiwa kitu? Wachuuzi wengi wa Rusizi wamo kwenye vyama vya ushirika. Kuwapata si kazi. Waitwe, waelezwe kwa Kinyarwanda, na kwa Kiswahili kwa wenzao wa Bukavu, ombi lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa sababu gani. Kama taa za njia ya waenda kwa miguu zimeondolewa kwenye mchoro, mama yule ana haki ya kujua mapema, maana ndiye atakayerudi gizani na fedha za mauzo kiunoni.