Usipeleke Nyanya Mwanza na Gari la Jicho Moja

Vijana wengi ninaowatembelea hapa Lamadi na vijiji vingine vya Busega wanajua bei ya mbolea kwa kichwa. Lakini muulize huyohuyo globu ya taa kubwa ya pikapu yake ni ya volti ngapi, atakutazama tu. Mimi nasema taa ya gari ni pembejeo kama mbegu. Shamba lizae vipi, mzigo usiofika sokoni ni hasara.

Nyanya zinaondoka usiku ili zifike Mwanza alfajiri. Barabara ya Musoma–Mwanza mnaijua: mabasi, malori, baiskeli zisizo na taa, ng'ombe waliochelewa zizini. Ukiwa na taa moja, dereva anayekuja anadhani wewe ni bodaboda, na anakuachia nafasi ya bodaboda. Hapo hatuzungumzii matenga tena, ni roho za watu.

Eti "fundi atabadilisha kesho." Kazi yenyewe si ya kusubiri kesho. Pikapu nyingi za zamani zinatumia globu ya H4, yenye pini tatu, dimu na fulu humohumo. Zima taa, iache ipoe. Fungua boneti, chomoa soketi, toa mpira wa kuzuia vumbi, legeza kibanio, toa globu. Ile mpya ishike kwenye chuma, usiguse kioo. Mafuta ya vidole yanafanya kioo kichemke sehemu moja, globu inaungua mapema. Ikigoma kuwaka, kagua fyuzi, kutu kwenye soketi na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi kabla hujanunua nyingine.

Dukani soma volti. Pikapu nyingi ni 12, lakini Canter nyingi za zamani ni 24. Ukiweka globu ya 12 humo, inaungua papo hapo. Na msidanganyike na LED nyeupe kali. Taa ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake, mwanga unatawanyika na kumpofusha mwenzako. Yeye asipoona, wewe unaye barabara moja naye.

Kwa hiyo, kijana, kwenye bajeti ya msimu andika globu mbili za akiba. Na jioni kabla ya kupakia, washa taa mbele ya ukuta, dimu kisha fulu. Zikiwaka zote mbili, pakia.