Kura 336 Zilizompeleka Madison Bungeni

Wiki hii nimekuletea habari za kura zilizopigwa zamani sana, tena mbali na kwetu. Kisa chenyewe kilianzia sebuleni mwangu. Kitinda mimba wangu, ambaye anasoma historia chuoni, aliniuliza juzi: “Baba, Wamarekani walipochagua wabunge wao mara ya kwanza kabisa, nani alimshinda nani?” Nikamjibu kwa madaha kwamba George Washington alichaguliwa rais bila mpinzani. “Baba, nimeuliza wabunge,” akaniambia. Nikanyamaza. Ilinichukua siku tatu kupata jibu, nalo limenikolea mno, nikaona si vyema nilile peke yangu.

Kwanza elewa kwamba uchaguzi ule haukuwa wa siku moja kama ulivyozoea kuona. Katiba ya Marekani iliandikwa mwaka wa 1787, na kufikia mwisho wa 1788 majimbo 11 kati ya 13 yalikuwa yameikubali. Kila jimbo lilijipangia siku yake na kanuni zake. Pennsylvania ilipiga kura Novemba 1788. New York ilipiga Machi 1789, mwezi ule ule ambao Bunge lilitakiwa kufunguliwa! Si ajabu basi kwamba siku ya ufunguzi, Machi 4, ni wajumbe 13 tu wa Bunge la Wawakilishi waliofika kati ya 59 waliotarajiwa. Idadi ya kuanzia kazi haikutimia hadi Aprili 1.

Kulikuwa na vituko pia. Huko New Jersey, waliotunga sheria ya uchaguzi walisahau kutaja siku ya kufunga vituo. Basi kila upande ukaviacha wazi katika ngome zake, ukiendelea kuokota kura. Kaunti ya Essex haikufunga hadi mwishoni mwa Aprili, ilhali washindi walikuwa wametangazwa tangu Machi. Malalamiko yalifikishwa mbele ya Bunge lenyewe, nalo Septemba likaamua kwamba waliotangazwa ndio wabunge halali.

Lakini kinyang'anyiro ninachotaka ukione, ewe msomaji, ni kile cha jimbo la Virginia, katika eneo la tano la uwakilishi. Mshindani mmoja alikuwa James Madison, mtu mfupi, dhaifu wa afya na mwenye sauti ndogo, ambaye alikuwa amefanya kazi kubwa kuliko wengi katika kuitunga Katiba mpya. Mwingine alikuwa James Monroe, kijana mrefu wa miaka 30, askari aliyejeruhiwa kwa risasi katika vita vya Trenton mwaka wa 1776. Monroe aliiona Katiba hiyo kuwa na kasoro, hasa kwa kuwa haikutaja haki za raia. La kushangaza ni kwamba wawili hawa walikuwa marafiki wa kuandikiana barua na hata kununua ardhi pamoja.

Aliyewakutanisha uwanjani ni Patrick Henry, msemaji hodari ambaye aliipinga Katiba kwa nguvu zake zote na ambaye bunge la Virginia lilikuwa kiganjani mwake. Siku hizo maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo, si na wananchi (jambo lililodumu hadi mwaka wa 1913). Novemba 1788 bunge la Virginia lilimpa Richard Henry Lee kura 98, William Grayson 86, na Madison 77. Nafasi zilikuwa mbili. Madison akabaki nje.

Hapo ndipo Madison alipogeukia Bunge la Wawakilishi. Henry na wenzake nao hawakulala. Kaunti ya nyumbani kwa Madison, Orange, ilitiwa katika eneo moja na kaunti nyingine saba, nyingi zikiwa zimeipinga Katiba. Tena ikapitishwa sheria kwamba mgombea awe mkazi wa eneo lake kwa muda wa mwaka mmoja, ili Madison asipate pa kukimbilia. Mchezo huu wa kukata mipaka ya maeneo ya ubunge ulipewa jina huko Marekani mwaka wa 1812 kutokana na Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts. Huyo Gerry, ukipenda kujua, baadaye alikuja kuwa makamu wa rais wa Madison huyu huyu!

Madison wakati huo alikuwa New York, na hakutaka kurudi. Alichukia kuomba kura, na isitoshe maradhi ya bawasiri yalikuwa yakimsumbua, safari ya siku nyingi ikawa mateso matupu. Marafiki walimwandikia: njoo, ama utashindwa. Akaja.

Kampeni ilifanyika katikati ya majira ya baridi. Madison na Monroe mara nyingine walisafiri pamoja, wakipambana kwa hoja mchana na kulala chini ya paa moja usiku. Siku moja katika kaunti ya Culpeper walihudhuria ibada katika kanisa la Kilutheri la Wajerumani, kisha wakajadiliana nje, waumini wakiwasikiliza wamesimama kwenye theluji. Madison alirudi usiku juu ya farasi maili kumi na mbili, na baridi ikamchoma pua. Uzeeni alikuwa akiwaonyesha wageni kovu hilo huku akicheka, akiliita jeraha lake la vita.

Jambo lililokuwa likiwakera wapiga kura lilikuwa uhuru wa kuabudu. Kabla ya mapinduzi, wahubiri wa Kibaptisti huko Virginia walikuwa wakitiwa jela kwa kuhubiri bila kibali, na jela ya Culpeper iliwajua vyema. Sasa wakanong'onezwa kwamba Madison hataki Katiba iguswe, na kwamba dini yao haina kinga. Mnamo Januari 1789 Madison alimwandikia mhubiri wao mmoja, George Eve, akaahidi kwamba Bunge la kwanza linapaswa kuandaa marekebisho ya kulinda haki za raia, uhuru wa dhamiri ukiwa mbele. Eve akasimama kumtetea. Wabaptisti walikumbuka pia kwamba Madison aliwatetea tangu ujana wake.

Siku ya kura ilikuwa Februari 2, 1789, baridi kali mno. Usidhani kulikuwa na karatasi wala sanduku. Mwenye kura alikwenda kwenye mahakama ya kaunti yake, akasimama mbele ya sherifu na makarani, na akataja kwa sauti jina la anayemtaka. Karani akaandika. Jirani yako alikusikia, mwenye kukukopesha alikusikia, na mgombea akiwapo alikuinamia kukushukuru. Wazazi waliojipanga kwenye mlolongo wa 1988 hapa Kenya hawahitaji kuelezwa jinsi mguu unavyokuwa mzito katika hali hiyo. Virginia iliendelea na mtindo huu hadi baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865.

Haya, chukua kalamu. Orange, nyumbani kwa Madison: Madison 216, Monroe 9. (Natamani kuwajua hao tisa, waliothubutu kusema jina la Monroe mbele ya ukoo mzima wa Madison.) Culpeper: Madison 256, Monroe 103. Louisa: 228 kwa 124. Albemarle: 174 kwa 105. Kisha upepo unageuka. Amherst ilimpa Monroe 246, Madison 145. Spotsylvania, Monroe 189 kwa 115. Fluvanna, Monroe 63 kwa 42. Na Goochland, Monroe 133, Madison 132. Kura moja!

Ukizitazama kaunti, ni nne kwa nne. Ukijumlisha kura, Madison ana 1,308 na Monroe 972, tofauti ikiwa 336. Watu 169 tu wangebadili midomo yao, Monroe angekwenda New York na Madison angebaki shambani kwake. Angalia pia nani alimwokoa. Culpeper pekee, kaunti ya wale wahubiri waliofungwa, ilimpa ziada ya kura 153.

Alitimiza ahadi? Naam. Juni 8, 1789 Madison alisimama Bungeni na kuwasilisha marekebisho yake, huku wenzake wengi wakiona anawapotezea wakati. Kumi kati ya marekebisho yaliyopitishwa yalitiwa katika Katiba Desemba 15, 1791, nayo ndiyo Hati ya Haki inayotajwa kila siku katika mahakama za Marekani.

Nisikudanganye lakini kwamba huo ulikuwa uamuzi wa watu wote. Waliopiga kura 2,280 hizo walikuwa wanaume weupe wenye ardhi. Wanawake hawakuitwa mahakamani. Maelfu ya Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya kaunti hizo hizo hawakuwa na kura, ila kila watano kati yao walihesabiwa kama watu watatu ili Virginia ipate viti vingi zaidi Bungeni. Madison na Monroe wote wawili walimiliki watumwa. Mwanangu alipofika hapo alifunga daftari lake, akaketi kimya kitambo.

Takwimu kama hizi kwa miaka mingi zilikuwa zimetawanyika katika magazeti makuukuu na makabrasha ya kaunti. Mmarekani mmoja, Philip Lampi, alianza kuzinakili kwa mkono akiwa kijana, mnamo miaka ya 1960, bila mtu kumtuma. Kwa muda alifanya kazi ya ulinzi usiku ili apate riziki huku akiendelea na kazi hiyo. Hatimaye maktaba ya kihistoria ya Worcester, Massachusetts, ilimpokea, na kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Tufts matokeo ya chaguzi za tangu 1787 hadi 1825 yakawekwa pamoja mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuyasoma.

Monroe hakununa. Urafiki uliendelea, akawa waziri wa mambo ya nje katika serikali ya Madison mwaka wa 1811, na Madison alipoondoka mwaka wa 1817, Monroe ndiye aliyeingia ikulu baada yake.

Jumapili ijayo, Mola akitujalia, nitakusimulia habari za Matthew Lyon wa Vermont, aliyemtemea mate mbunge mwenzake, akatiwa jela mwaka wa 1798 kwa kumkosoa rais, na akachaguliwa tena angali gerezani.