Wenye mashamba ya miti wachangie utafiti wa wadudu na ukungu

BIASHARA ya mbao na nguzo imewavuta watu wengi wenye mitaji midogo. Wafanyakazi wa mijini, wenye maduka na hata wastaafu wamenunua mashamba Mufindi, Njombe na Makete wakapanda misindano au mikaratusi, wakiamini kuwa mti ni akiba isiyooza. Katika hesabu zao huweka bei ya ardhi, miche, vibarua na kinga ya moto. Wadudu hawamo, wala magonjwa ya ukungu.

Kibiashara hilo ni kosa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ukungu unaokausha majani ulishambulia msindano aina ya Pinus radiata huko Tanganyika, ukaingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nchi zote mbili zililazimika kuacha kupanda aina hiyo na kutegemea Pinus patula na misaipresi.

Misaipresi nayo ikapata pigo lake. Kidukari wa msaipresi alionekana Malawi mwaka 1986, Tanzania mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990. Hufyonza utomvu hadi matawi yanakauka na mara nyingi mti wote kufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walikadiria kuwa miti iliyokufa mashariki na kusini mwa Afrika ilikuwa na thamani ya dola za Marekani milioni 44, na kwamba kudumaa kwa miti iliyobaki kulipoteza dola milioni 14.6 nyingine kila mwaka.

Kunyunyizia dawa msitu mzima ni gharama isiyobebeka. Njia ilitokana na utafiti: nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidukari alitafutwa Ulaya, akachunguzwa, kisha akaachiliwa Malawi mwaka 1994. Ilikuwa miaka minane tangu mdudu aonekane huko, muda mrefu mno kwa mtu mwenye mkopo.

Mikaratusi nayo haikusalimika. Nyigu mharibifu mwenye asili ya Australia aligunduliwa Kenya mwaka 2002 na Tanzania mwaka 2005. Huacha vinundu kwenye majani na vikonyo vya miti michanga, nayo hudumaa. Utafiti umeonyesha kuwa baadhi ya aina za mikaratusi hushambuliwa sana na nyingine kidogo tu. Habari hiyo pekee yatosha kuamua kama mche ni wa faida au wa hasara.

Linalobaki ni nani alipe. Tanzania ina taasisi yake ya utafiti wa misitu, TAFORI, tangu mwaka 1980, na Kenya ina KEFRI tangu 1986. Wapandaji wengi husema hiyo ni kazi ya Serikali kwa kuwa wao wamekwisha kulipa ushuru. Hoja hiyo ina uzito, kwani mwenye ekari tano hawezi kuajiri mtaalamu wa wadudu. Hata hivyo, faida ya shamba la mtu binafsi ni yake, na haifai mzigo wote ubebwe na bajeti inayosubiriwa pia na hospitali na shule.

Afrika Kusini makampuni ya misitu, ambayo ni washindani sokoni, yamekuwa yakichangia tangu mwaka 1990 mpango mmoja wa kulinda miti unaoendeshwa chuo kikuu. Yalitambua kuwa mdudu hajui mpaka wa shamba.

Vyama vya wapandaji vingeweza kufanya hivyo kwa kukata kiasi kidogo kwa kila mche unaouzwa kitaluni na kila nguzo inayopokelewa kiwandani. Masharti yawe matatu: fedha zisichanganywe na mapato mengine, wapandaji wawe na wajumbe katika kuzisimamia, na matokeo yatolewe kwa Kiswahili kabla ya msimu wa kupanda.

Wakati hayo yakisubiriwa, mwenye mtaji asipande aina moja shamba zima, wala asinunue miche ambayo mwenye kitalu hawezi kueleza mbegu yake ilikotoka. Na anayeuziwa shamba lililokwisha kupandwa asiridhike na miti ya kando ya barabara. Aingie hadi katikati pamoja na bwana miti, wakague majani na magome, ndipo wazungumze bei.